Oveni Inawaka Kisha Inazima: Gesi Ipo, Kosa Liko Kwenye Waya

Malalamiko huja kwa namna moja. Oveni ya gesi inawashwa, cheche zinalia tak-tak-tak, moto unashika rangi ya samawati, na mwenye bekari anageuka kuchukua sinia ya kwanza. Kabla hajaishika, klak, moto umezimika. Oveni inajaribu tena yenyewe, inashika, inazima. Mara ya tatu inawaka taa nyekundu na kugoma kabisa mpaka ubonyeze kitufe cha kuiamsha.

Hapa Malindi jibu la kwanza huwa ni gesi. Mtungi unatikiswa, kisha unabadilishwa. Regyuleta inanunuliwa mpya, mpira unapakwa povu la sabuni, matundu ya bana, pale moto unapotokea, yanachokolewa kwa sindano. Siku inapita, donge la mkate limeumuka mpaka limeshuka, na oveni ikiwashwa inafanya vilevile. Sisemi hivi kuwabeza mafundi wa gesi. Ni kweli kwamba moto dhaifu, wa manjano au unaorukaruka unaweza kuwa kosa lao la kutatua. Lakini moto wa samawati uliosimama imara kwa sekunde tano umekwisha kutoa ushahidi: gesi imefika, hewa imechanganyika, cheche imefanya kazi. Aliyeuzima ni oveni yenyewe, kwa makusudi, kwa sababu kuna habari iliyokuwa ikiingoja na waya haukuileta.

Habari hiyo ni ipi, inapita wapi, na kwa nini inapotea kwa urahisi hivi kwenye nyumba zetu za pwani? Hapo ndipo penye mambo.

Vali inayofunguliwa na stima

Oveni za gesi zenye bodi ya elektroniki (kile kibao kinachoiongoza oveni), ziwe za Kichina za sinia mbili au nne, ziwe za Kiitaliano za kuokea piza, zina mpangilio unaofanana. Stima inaingia, inapita kwenye fyuzi, swichi, themostati, na swichi inayokata joto likipita kiasi. Zenye feni huongezewa swichi ya kuthibitisha kwamba hewa inavuma. Vyote hivyo vimepangwa mfululizo kwenye njia moja, na kimoja tu kikikata, bodi haipati ruhusa ya kuwasha. Ikipata, inapiga cheche, inafungua vali ya gesi, na inaanza kuhesabu.

Vali hiyo imefungwa kwa springi. Stima ndiyo inayoishikilia wazi. Stima ikipungua, ikikatika au bodi ikiamua kuiondoa, springi inarudi na gesi inakwisha hapo hapo. Ndiyo maana hitilafu karibu zote za waya kwenye oveni hizi huishia na dalili moja, moto kuzima, hata kama chanzo kiko mita ishirini kutoka jikoni.

Kuhesabu nako kuna sababu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikitoka bila kuwaka haipandi darini ikatoka dirishani. Inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya meza na kwenye pembe, ikingoja cheche ya friza au kiberiti. Kwa hiyo bodi hupewa sekunde chache tu, tano kwa nyingi, kumi kwa nyingine, iwe imeona moto. Isipouona, inafunga. Na bodi haina macho.

Moto wenyewe ni waya

Ukichungulia pembeni mwa bana utaona vijiti viwili vya chuma vilivyovalishwa kauri nyeupe. Kimoja kinatoa cheche. Cha pili kimekaa tu, ncha yake ikiwa ndani ya moto, na nyuma yake waya mmoja mwembamba unaorudi kwenye bodi. Hicho ndicho kijiti cha kuhisi moto. Watu wengi hudhani kinapima joto. La. Kingekuwa kinapima joto, kingekawia kupata moto na kukawia kupoa, na kule kukawia ndiko kunakolipua majiko.

Kinachofanyika ni hiki. Ndani ya moto wa gesi mna chembe zenye chaji za umeme, na kwa sababu hiyo moto hupitisha stima, ingawa kwa shida sana. Bodi inapeleka volti kwenye kijiti. Moto ukiwepo, mkondo mdogo unatoka kwenye kijiti, unapita katikati ya moto, unaingia kwenye chuma cha bana na kurudi kwenye bodi. Moto usipokuwepo, pengo kati ya kijiti na bana ni hewa tupu na hakuna kinachopita.

Mkondo huo ni mdogo kupita kiasi: mikroampia chache, yaani sehemu chache za milioni moja ya ampia. Balbu ndogo ya LED ya wati tano inavuta mara maelfu zaidi ya hapo. Weka hesabu hiyo akilini, maana ndiyo inayoeleza kwa nini kutu nyepesi, ambayo pasi au friji isingeitambua, inatosha kuizima oveni ya laki mbili.

Kuna ujanja mwingine ndani yake ambao mimi binafsi naupenda. Stima ya nyumbani huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Lakini kijiti ni chembamba na bana ni pana, mara nyingi kwa ukubwa, na kwa sababu ya tofauti hiyo umeme hupita motoni kwa urahisi upande mmoja na kukwama upande wa pili, kama valvu ya tairi la baiskeli inavyokubali upepo uingie na kukataa utoke. Kinachorudi kwenye bodi si stima ya kwenda na kurudi tena. Ni mkondo wa upande mmoja. Bodi inatafuta huo tu. Kijiti kikiinama kikagusa bana, au kauri ikilowa maji, umeme utapita, tena mwingi, lakini utapita pande zote mbili, na bodi itajua kwamba huo si moto. Fundi aliyezoea kupiga kila kitu dairekti akiunganisha kijiti na bana kwa kipande cha waya, hapati chochote.

Basi tuseme moto upo, kijiti ni kisafi, waya wake mwembamba ni mzima. Bado njia haijakamilika. Mkondo umeingia kwenye chuma cha bana. Kutoka hapo unarudije kwenye bodi? Kwenye bodi nyingi hakuna waya maalumu wa kuurudisha. Unapita kwenye mwili wa oveni, unaingia kwenye waya wa athi, ule wa usalama unaokwenda ardhini, na kupitia athi unaifikia nyutro, waya wa kurudishia stima, pale zinapokutana katika mfumo wa stima, nje ya nyumba au kwenye transfoma. Yaani oveni inaitegemea nyumba nzima, na mtaa, kujua kama moto wake unawaka.

Hapo ndipo makosa matatu yanapozaliwa, na yote matatu tunayo hapa.

Laivu na nyutro zikibadilishana

Kwa balbu haidhuru. Kwa pasi haidhuru. Geuza laivu, waya unaoleta stima, iwe mahali pa nyutro na vyote vinafanya kazi, ndiyo maana kosa hili huishi ukutani miaka bila mtu kujua. Kwa oveni ya gesi ni tofauti. Bodi inachukua volti za kijiti kutoka kwenye waya unaoudhani kuwa ni laivu. Ukiwa ni nyutro, kijiti na bana vinakuwa na volti karibu sawa, na umeme hauna sababu ya kutoka hapa kwenda pale. Moto unawaka mzuri kabisa, bodi inaona giza.

"Fundi, jana umenibadilishia regyuleta, ikaoka vizuri. Leo imezima tena."

"Mama, iko kwenye soketi ile ile ya jana?"

"La, jana ilikuwa hapa dukani. Leo nimeirudisha jikoni."

Mazungumzo ya namna hiyo yanatosha kumaliza kazi ya nusu siku. Oveni hiyo hiyo, mtungi huo huo, soketi tofauti.

Soketi hugeuzwaje? Njia ya kwanza ni rangi. Nyumba za zamani zimefungwa nyaya nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Nyaya za sasa ni kahawia kwa laivu na buluu kwa nyutro. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara mbili tatu ina zote, na mahali zinapokutana hutegemea kumbukumbu ya fundi wa siku hiyo. Mbaya zaidi ni nyeusi. Kwenye nyaya mpya za fezi tatu, nyeusi ni mojawapo ya fezi, yaani ni laivu, na kwenye video za mafundi wa Marekani nyeusi ni laivu. Kijana aliyejifunzia kwenye simu anaweza kuungua au kuunguza akiwa na uhakika kabisa.

Njia ya pili ni ya kwetu zaidi. Waitaliano wako Malindi tangu miaka ya 1960, walipokuja na mradi wao wa kurusha roketi kule Ngomeni (setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lao la San Marco tarehe 12 Desemba 1970), na walioishi hapa baada yao wameleta vyombo vya kwao. Nyumba ikiuzwa au mkahawa ukifungwa, oveni inabaki, tena ngumu na nzuri, na inanunuliwa na mtu wa Maweni au Muyeye kwa bei ya kuelewana. Plagi yake ina pini tatu za mviringo zilizopangwa mstari mmoja, ya kati ikiwa athi. Plagi hiyo inaingia hivi au kinyume chake, zote sawa. Plagi yetu ya pini tatu za bapa inaingia namna moja tu, na ndani yake kuna fyuzi upande wa laivu. Oveni ya Kiitaliano ikipitishiwa kwenye adapta, uwezekano wa kuingia kinyume ni nusu kwa nusu. Ukiwa na oveni kama hiyo inayozima baada ya sekunde tano, chomoa plagi, igeuze, ichomeke tena. Ikiendelea kuwaka, umepata jibu bila kununua kitu. Dawa ya kudumu ni kukata plagi ile na kufunga ya kwetu, nyaya zikiwa mahali pake.

Athi iliyopo kwa jina

Kosa la pili limeenea kuliko yote. Adapta nyingi za bei rahisi hazina njia ya athi hata kama zina tundu lake; tundu ni la pambo. Na kuna desturi ambayo kila asomaye hapa ameiona, kama hajaifanya: plagi ya pini mbili inakataa kuingia kwenye soketi, mtu anachukua kifuniko cha kalamu, anakisukuma kwenye tundu la juu, vizibo vya ndani vinafunguka, plagi inaingia. Stima imepatikana. Athi haikupatikana, na tundu la juu, ambalo kazi yake yote ni usalama, limetumika kama ufunguo tu.

Ndani ya kuta napo si salama. Hewa yetu ina chumvi, hasa miezi ya kusi upepo unapotoka baharini moja kwa moja. Fungua soketi ya jikoni iliyokaa miaka michache mtaa wa Shela au karibu na ufuo na utaona skrubu za shaba zimeota unga wa kijani. Kila skrubu ni pengo dogo. Laivu na nyutro hupitisha mkondo mkubwa na zikilegea hutoa joto, harufu, hata moshi, kwa hiyo mtu atajua. Athi haipitishi chochote siku za kawaida. Inaweza kukatika mwaka mzima na hakuna taa itakayopungua mwanga. Oveni ya gesi ni mojawapo ya vyombo vichache nyumbani ambavyo hugoma athi ikikosekana, na kwa hilo mwenye nyumba angepaswa kuishukuru badala ya kuipiga teke.

Lakini kuna mtego hapa ambao hata mafundi wazuri huuingia. Athi ikirudishwa na oveni ikawaka, watu husema athi ni nzuri. Oveni haijasema hivyo. Ilihitaji njia ya mikroampia chache tu, na mikroampia hupita hata kwenye athi mbovu. Fikiria fimbo ya shaba iliyopigwa kwenye mchanga mkavu, ambao ni mpitishaji hafifu wa umeme. Tuseme ukinzani wake umefika omu 500. Oveni itaoka bila wasiwasi. Sasa waya wa laivu ukichubuka na kugusa mwili wa oveni, volti 240 gawa kwa 500 ni chini ya nusu ampia. Fyuzi ya ampia 13 haitashtuka, breka ya ampia 20 haitashtuka, na mwili wa oveni utabaki na stima mpaka mtu aushike akiwa miguu mitupu sakafuni. Ndiyo sababu ya kuweka kwenye kisanduku cha breka cha nyumba kile kifaa kinachokata stima ikivuja kwa miliampia 30. Hicho hakingojei fyuzi. Kwa ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe tuliyo nayo kuanzia Watamu hadi Lamu, nakihesabu kuwa cha lazima kuliko kiyoyozi.

Stima ikipotea na jenereta ikaingia

Kosa la tatu humchanganya kila mtu kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Ni Ramadhani, saa kumi alasiri, stima imekatika na watu wanangoja mikate ya futari. Jenereta ndogo ya petroli inavutwa kamba, taa zinawaka, friji inanguruma, oveni inapiga cheche, inashika moto, na kuzima. Stima ya mtandao inarudi, oveni inaoka kama hakuna lililotokea. Mwenye bekari anaapa kwamba jenereta ni bovu, aliyemuuzia anaapa kwamba oveni ndiyo mbovu.

Wote wamekosa. Jenereta nyingi ndogo hutoa nyaya mbili ambazo hakuna hata mmoja uliounganishwa na ardhi wala na fremu ya jenereta. Volti kati ya nyaya mbili ni kamili, kwa hiyo kila chombo cha kawaida kinafurahi. Ila neno nyutro kwenye jenereta hiyo ni jina tu. Mkondo wa kijiti ukiingia kwenye bana na kushuka kwenye athi, hauna pa kuipata njia ya kurudia, maana athi na jenereta hazijuani. Inveta nyingi ndogo za sola ziko hivyo hivyo.

Dawa yake ni kuunganisha nyutro na athi, na naiandika kwa tahadhari kwa kuwa nimeona inavyofanywa. Haiunganishwi ndani ya soketi wala ndani ya plagi ya oveni. Ukiweka kipande cha waya kati ya nyutro na athi kwenye soketi, siku laivu na nyutro zitakapobadilishana kule nyuma, mwili wa kila chombo kilichoshika athi hiyo utakuwa laivu. Muungano unafanywa mahali pamoja tu, kwenye jenereta yenyewe, pamoja na fimbo yake ya ardhini, na jenereta inaingia nyumbani kupitia swichi ya kubadilishia inayokata laivu na nyutro zote mbili ili isikutane kamwe na laini ya nje. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati. Asiyetaka kugusa jenereta ana njia nyingine: transfoma ndogo ya kutenganisha inayolisha bodi ya oveni peke yake, upande wake wa pili waya mmoja ukiwa umeungwa na athi. Inatibu jenereta na inatibu plagi iliyogeuzwa, kwa mara moja.

Tazama oveni inazima saa ngapi

Makosa yaliyobaki hujitambulisha kwa wakati wake, na mimi humuuliza mtu wakati kabla sijafungua kisanduku.

Isiyowaka kabisa, hata taa, ina njia iliyokatika kabla ya bodi: fyuzi ya plagi, fyuzi ya kioo iliyo kwenye bodi, swichi. Fyuzi iliyoungua ukiibadilisha ikaungua tena papo hapo, usiweke kubwa zaidi. Kuna waya umegusa chuma, mara nyingi pale unapopita kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kulinda, au nyuma ya oveni ambako joto limelainisha ganda. Nyaya za kawaida za nyumba zina ganda la plastiki lililotengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70 hivi. Nyuma ya oveni panahitaji nyaya zenye ganda la silikoni au zilizofumwa kwa nyuzi za kioo. Fundi akibadilisha waya mmoja wa oveni kwa kipande kilichobaki cha soketi, amekuachia kosa la mwezi ujao.

Inayokatisha stima ya nyumba nzima asubuhi tu, halafu ikawa sawa jua likipanda, ina unyevu. Umande wa usiku umechanganyika na chumvi na vumbi la unga juu ya tamino, yaani viungio vya nyaya, stima inavuja kidogo, kifaa cha miliampia 30 kinakata kama kilivyoagizwa.

Inayozima baada ya dakika ishirini imepata joto ndiyo ikaugua. Skrubu iliyolegea hupanuka na kuachia. Ufa wa kauri ya kijiti ambao hauonekani ikiwa baridi hufunguka. Au swichi ya joto kupita kiasi inakata kwa haki, kwa sababu feni haizunguki. Kijiti chenyewe hujipaka utando mwembamba baada ya muda. Kisugue kwa steliwaya laini, si msasa mkali.

Inayozima kila mashine ya kukandia unga inapowashwa inalia njaa ya volti. Mota ikianza kuzunguka huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida yake, na kama oveni, mashine na friza vyote viko kwenye ekstensheni moja nyembamba, volti zinashuka kwa sekunde moja, vali inaachia. Mita itakuonyesha 240 kila kitu kikiwa kimetulia. Ipime wakati mashine inaanza.

Na kama uko kwenye fezi tatu, taa za chumba kimoja zikang'aa kupita kiasi huku za kingine zikififia, achana na oveni, zima swichi kuu. Nyutro imekatika, na baadhi ya soketi zako zinaweza kupata volti zinazoelekea 415.

Wenye ndugu Toronto au Minneapolis watakuwa wamesikia hadithi inayofanana, ya tanuru la kupasha nyumba joto linalozima usiku wa theluji. Ni mpangilio ule ule. Kule waya za kuongozea hutumia volti 24 kutoka kwenye transfoma ndogo, kuna fyuzi ya ampia 3 au 5 kwenye bodi, na waya wa themostati ukichubuka kwenye kona ya bati fyuzi hiyo inaungua na nyumba inapoa. Kuna hata swichi ya mlango: mtu akibadilisha chujio la hewa asifunge kifuniko sawasawa, tanuru halipati stima. Kijiti cha moto, mikroampia, athi, yote yapo.

Kabla ya kuita fundi, na baada

Testa ya bisibisi haitoshi. Inawaka ikigusa laivu, basi. Haisemi lolote kuhusu hali ya athi. Mita ndiyo inayosema, na vipimo vitatu kwenye soketi vinatosha. Laivu kwa nyutro iwe karibu 240. Laivu kwa athi iwe karibu 240 pia. Nyutro kwa athi iwe sifuri au volti moja mbili. Ukikuta nyutro kwa athi ndiyo 240 na laivu kwa athi ni sifuri, zimebadilishana. Ukikuta namba za katikati zisizoeleweka kwenye zote mbili, 90, 115, 130, athi inaelea: haijashika popote, au uko kwenye jenereta. Asiyezoea kushika mita kwenye stima hai asianze na soketi ya bekari.

Halafu kuna lile la kupiga dairekti. Swichi ya joto ikisumbua, fundi anairuka kwa kipande cha waya, oveni inawaka, analipwa, anaondoka. Kosa lililokuwa likiizima bado liko ndani. Ukiona waya mfupi unaounganisha tamino mbili za swichi moja bila sababu, umeukuta mkono wa mtu wa aina hiyo.

Kazi ikiisha, usimwachie fundi aende kwa sababu moto umekaa. Mwambie azime, achomoe waya mwembamba wa kijiti kwenye bodi, aufunge ncha kwa tepu, kisha awashe. Oveni inapaswa kupiga cheche, kushika moto, na kuuzima ndani ya sekunde zake chache, kisha kujifunga. Ikiendelea kuwaka bila waya ule, bodi haiulizi tena kama moto upo. Funga mtungi, na usioke humo mpaka bodi ibadilishwe.